Kuomba nyongeza ya mshahara Dodoma: hatua kwa hatua, kwa aliyeajiriwa sekta binafsi

Maswali ni yaleyale. "Nina miaka mitatu hapa, sijaongezewa hata mia, nianzie wapi?" "Niombe shilingi ngapi?" "Nikiomba, si watanifukuza?" Kila baada ya Mei Mosi yanaongezeka, na mwaka 2025 yalifurika, maana sherehe za kitaifa zilikuwa hapo jirani Singida na Rais Samia akatangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Watu wa hoteli, shule binafsi, maduka ya vifaa vya ujenzi na mashirika wakaanza kuuliza mbona kwenye akaunti zao hakuna kilichosogea.

Hakikusogea kwa sababu tangazo lile halikuwahusu. Serikali hupanga mishahara ya watumishi wake kwa madaraja. Sekta binafsi ina amri yake ya kima cha chini, yenye viwango tofauti kwa kila sekta, na kilicho juu ya hapo ni maelewano kati yako na mwajiri. Mwongozo huu unahusu hayo maelewano. Kama unapanda basi la kwenda Mtumba kila asubuhi na mwajiri wako ni Serikali, usimalize bando hapa. Yako yanakwenda kwa madaraja na kupanda cheo.

Andaa vitu hivi kwanza

- Mkataba wako wa ajira. Usome wote, hasa tarehe ya kuisha na kipengele cha mshahara. Mikataba mingine ina mstari unaosema mshahara utapitiwa kila mwaka, na mwenye mkataba hajawahi kuuona.
- Slipu za mshahara za miezi mitatu ya karibuni. Kama huwa hupewi, ziombe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri aambatanishe malipo na maelezo ya maandishi.
- Taarifa ya michango yako NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Huna sababu ya kupigania laki mbili za nyongeza wakati michango ya miezi minane haijapelekwa.
- Orodha ya majukumu uliyopewa siku unaajiriwa.
- Mtu mmoja mwenye kifua cha kutunza siri, wa kufanya naye mazoezi. Bora awe amewahi kusimamia watu. Mume au mke hafai sana kwa kazi hii, kwa sababu atakuunga mkono kwa kila kitu.

Hatua

1. Tenganisha haki na ombi

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anaingia kwa bosi kuomba nyongeza, ukichimba unakuta anachodai ni malipo ya saa za ziada. Hiyo si nyongeza. Kwa mfanyakazi ambaye si wa ngazi ya uongozi, sheria inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu zinalipwa mara mbili. Kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ina asilimia 5 juu yake.

Kama unadai vitu hivyo, viandikie barua yake na vizungumze siku yake. Ukivichanganya na ombi la nyongeza, mwajiri atakulipa saa za ziada ulizokuwa unamdai, kisha atakuambia, "Si nimeshakuongeza?"

2. Piga hesabu kutoka mkononi kurudi juu

Ukimuuliza mtu anataka nyongeza ya ngapi, atakutajia pesa anayotaka iingie benki. Bosi yeye anasikia mshahara ghafi, yaani kabla ya makato. Mnaagana mkidhani mmekubaliana, kumbe kila mmoja ana namba yake.

Chukua mtu anayelipwa 600,000, yote ikiwa mshahara wa msingi. NSSF inakata asilimia 10, yaani 60,000. Inabaki 540,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vya mwezi vya PAYE, yaani kodi ya mshahara, 270,000 ya kwanza haikatwi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi milioni moja ni asilimia 25, na juu ya milioni ni asilimia 30. Kodi yake inakuwa 24,000. Mkononi anapata 516,000.

Akiongezwa laki mbili nzima, afike 800,000: NSSF 80,000, kodi 60,000, mkononi 660,000. Laki mbili imegeuka 144,000.

Sasa mwongezee deni la mkopo wa chuo la Bodi ya Mikopo, maana wengi waliosoma UDOM au Chuo cha Mipango wanaijua. Bodi inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwenye 600,000 alikuwa anabaki na 426,000. Kwenye 800,000 anabaki na 540,000. Nyongeza ya laki mbili imemfikia ikiwa 114,000.

Kwa hiyo anza upande wa pili. Ukitaka 150,000 zaidi iingie mkononi na unaanzia 600,000, asiyedaiwa na Bodi aombe nyongeza ya kama 209,000. Anayedaiwa aombe kama 265,000. Fanya hesabu hiyo kwa mshahara wako mwenyewe, kalamu mkononi. Kabla hujaitegemea, hakikisha viwango vya mwaka huu TRA, maana Sheria ya Fedha hupita kila Juni na huweza kubadilisha mambo.

Jambo moja ambalo bosi hatakuambia ila analifikiria: nyongeza yako inamgharimu zaidi ya hiyo namba. Naye anachangia asilimia 10 yake NSSF, na kuna tozo nyingine za mwajiri zinazopanda pamoja na mshahara. Kulijua hili hakukufanyi upunguze ombi. Kunakusaidia usishangae anapokunja uso.

3. Ulizia soko la hapahapa

Usimuulize mtu "unalipwa ngapi." Atakudanganya, au atakuchukia. Uliza hivi: "Mtu wa nafasi kama hii, mwenye uzoefu wa miaka mitatu, kwenye hoteli za ukubwa wenu huwa anaanzia ngapi?" Hapo hajaitaja pesa yake, na wewe umepata jibu. Waulize watatu au wanne.

Linganisha Dodoma na Dodoma. Mshahara wa binamu yako anayefanya kazi Masaki hauna uzito mbele ya mwenye hoteli wa Area D. Vivyo hivyo usilinganishe na jirani yako wa wizarani. Na hata kama umeiona slipu ya mwenzako imesahauliwa kwenye printa, hukuiona. Ukiitaja kikaoni, mazungumzo yatahama kutoka kwako kwenda kwa nani amevujisha siri.

4. Andika ukurasa mmoja

Ukurasa mmoja tu. Wa pili hausomwi.

Watu wanapenda kuandika sifa: mchapakazi, mwaminifu, ninajituma. Futa zote. Andika ulichoajiriwa kufanya, unachofanya sasa, na kilichobadilika kazini kwa sababu yako. Mpokezi wa hoteli anaweza kuandika hivi:

"Niliajiriwa Machi 2023 kama mpokezi wa zamu ya mchana. Tangu Agosti 2024 ninafanya pia mambo matatu ambayo hayamo kwenye majukumu yangu: kusimamia nafasi zinazowekwa kwa simu na mtandaoni, kufunga hesabu ya siku, na kuwafundisha wapokezi wapya. Kabla ya hapo chumba kimoja kilikuwa kinauzwa kwa wageni wawili karibu kila wiki wakati wa Bunge la Bajeti. Msimu huu ilitokea mara moja. Ninaomba mshahara ghafi wangu upande kutoka 600,000 hadi 810,000 kuanzia Julai."

Ona kwamba hakuna kodi ya nyumba humo. Kila mtu anajua pango la Ilazo na Kisasa lilivyopaa tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016. Bosi naye analipa, au ana wapangaji wake. Ada ya watoto, mama mgonjwa, mkopo wa VICOBA: yote ni kweli na yote yanauma, ila ukiyaweka mbele umeomba msaada, na mtu mwenye huruma atakupa elfu hamsini mfukoni mwake na kukutakia heri. Mwezi ujao mshahara ni uleule.

Kama kazi yako haina namba za wazi, tafuta kilichokuwa kinakwama na sasa hakikwami. Afisa wa mradi anayezunguka vijiji vya Bahi na Chamwino anaweza kusema ripoti zilikuwa zinachelewa wiki mbili na sasa zinafika kwa wakati. Mwalimu wa shule binafsi anaweza kutaja darasa alilolipokea na hali lilivyo sasa. Dereva anaweza kuonyesha daftari la matengenezo. Kuna kitu, sema hatuna mazoea ya kuandika kazi zetu wenyewe. Tunaona ni majivuno. Anza leo na daftari la shilingi elfu moja, kila Ijumaa mistari miwili.

5. Chagua wakati

Omba kabla bajeti ya mwajiri haijafungwa. Ikishafungwa, hata bosi anayekupenda hana pa kukata.

Hoteli na migahawa ya Dodoma ina msimu wake: Bunge la Bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni. Usiombe katikati ya msimu wakati bosi halali. Omba unapokaribia kuisha, hesabu zikiwa zinaonekana na kazi yako ikiwa bado iko machoni pake. Shule binafsi hupanga mambo kabla ya muhula wa Januari, hivyo Septemba na Oktoba ni wakati mzuri. Kwenye mashirika, muulize mhasibu bajeti ya mradi inaandikwa lini; mwaka wa mfadhili mara nyingi haulingani na wa Serikali.

Siku nayo ina maana. Ijumaa mchana hapana. Mabosi wengi wana familia Dar es Salaam na akili iko kwenye tiketi ya SGR. Jumatatu asubuhi pia hapana. Jumanne au Jumatano baada ya chai inatosha.

6. Omba kikao, usivamie

Tuma ujumbe kwake yeye peke yake. Usiandike kwenye kundi la WhatsApp la ofisi hata kwa utani, na usitume ujumbe wa sauti wa dakika nne. Mfano:

"Habari za kazi Mkurugenzi. Naomba nafasi ya dakika ishirini wiki hii tuzungumzie majukumu yangu na mshahara. Jumanne au Jumatano baada ya saa nne ningefurahi, ila nitafuata ratiba yako."

Taja neno mshahara. Wengine wanaandika "kuna jambo langu binafsi," bosi anajiandaa kusikia msiba, na akigundua ni pesa anahisi ametegwa. Usimkamate msibani, harusini wala kwenye nyama choma jioni. Hata akikubali mbele ya watu akiwa amechangamka, kesho hakumbuki.

Kama kuna meneja kati yako na mwenye kampuni, anza na meneja. Ukimruka, umejitengenezea adui ambaye ndiye ataulizwa, "Huyu kijana vipi, anastahili?"

7. Fanya mazoezi kwa sauti

Kichwani kila mtu ni mzungumzaji. Kaa na yule mtu wako, mwambie aigize bosi, na awe mgumu. Akuulize: "Kwa nini nisimwajiri mwingine kwa laki nne?" Akwambie: "Wewe mbona juzi ulichelewa?" Rudia hadi uweze kuitaja namba bila sauti kushuka. Ukiona unaanza na "samahani sana bosi, najua hali ni ngumu," mwache akukatishe uanze upya.

Katika mazoezi hayo panga namba tatu: unayoomba, ambayo ukipewa utakubali, na kitu kisicho pesa ambacho kingekufaa, kwa mfano cheo kinacholingana na kazi, bima ya afya ya familia, au ada ya mafunzo.

8. Kikao chenyewe

Salamu kwanza, kama mlivyozoea. Kama ni mkubwa kwako, shikamoo haikushushi. Kama bosi ni mdogo kwako kwa umri, ambalo sasa ni jambo la kawaida, "habari za kazi" inatosha. Usimwite "mwanangu" siku hiyo hata kama ndiyo mazoea yenu. Simu izimwe mlio. Kisha nenda kwenye jambo:

"Mama, asante kwa muda wako. Nimekuja kuzungumzia mshahara. Niliajiriwa kwa mapokezi, na tangu Agosti mwaka ule nafunga pia hesabu na kusimamia nafasi za vyumba. Nimeandika hapa. Naomba mshahara ghafi upande kutoka laki sita hadi laki nane na elfu kumi, kuanzia Julai."

Mkabidhi karatasi. Nyamaza.

Hapa ndipo pagumu kuliko pote. Bosi anasoma, feni inazunguka, na wewe unaona umekosa adabu kwa kukaa kimya mbele ya mkubwa. Ulimi unakuwasha useme, "lakini hata ukipunguza ni sawa." Ukisema hivyo umejipunguzia mwenyewe kabla hajafungua mdomo. Acha asome. Akiuliza, jibu alichouliza tu.

Akitaja namba ndogo, usikubali wala kukataa papo hapo. Sema: "Nimekusikia Mama. Naomba nifikirie hadi kesho nikujibu." Hakuna bosi mwenye busara atakayekasirika kwa hilo.

9. Weka kwenye maandishi

Siku hiyohiyo tuma ujumbe mfupi wa shukrani unaorudia mlichokubaliana: kiasi ghafi, na mwezi wa kuanza. Kisha subiri barua au marekebisho ya mkataba. Sheria inamtaka mwajiri, masharti ya ajira yakibadilika, arekebishe maelezo hayo kwa kushauriana na wewe na akujulishe kwa maandishi. Huombi upendeleo.

Makosa yanayojirudia

Kudanganya kwamba umepata kazi kwingine. Dodoma imekua, lakini wenye hoteli wanafahamiana, wakurugenzi wa mashirika wanakutana warsha ileile, na simu moja inatosha. Sema tu kama barua unayo na uko tayari kuondoka kweli.

Kwenda kundi zima bila mpango. Kama tatizo ni la wote, njia yake ni chama cha wafanyakazi, kama TUICO au CHODAWU, na mkataba wa hali bora, yaani ule ambao chama husaini na mwajiri kwa niaba ya wote. Watu sita kujazana mlangoni kwa bosi wakiwa wamenuna hakuna jina lingine zaidi ya mgomo, na mgomo una taratibu zake kisheria.

Kuomba ukiwa na miezi miwili kazini. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimfikii mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Subiri kidogo.

Ikikwama

"Bajeti hakuna." Huenda ni kweli. Mwaka 2025 fedha za miradi ya Marekani ziliposimama, mashirika mengi yalikuwa yanahesabu nani abaki, achilia mbali nani aongezwe. Uliza: "Bajeti ijayo inaandikwa mwezi gani, na naweza kukuletea nini kabla ya hapo?" Akikupa mwezi, uandike mbele yake. Akikosa hata mwezi wa kukutajia, basi umejibiwa. Anza kutafuta kazi taratibu bila kumtangazia mtu.

"Nitakupa posho badala yake." Pokea, lakini ujue posho huondolewa kirahisi kuliko mshahara, na malipo ya saa za ziada hukokotolewa kwa mshahara wa msingi. Omba angalau nusu iingie kwenye msingi.

Amekaa kimya wiki tatu. Kumbusha mara moja kwa ujumbe, mara ya pili ana kwa ana. Ya tatu iwe barua yenye tarehe, nakala ubaki nayo.

Amekasirika na kukutishia kazi. Kuomba nyongeza si kosa la kinidhamu. Mwajiri anatakiwa awe na sababu halali, ya mwenendo, uwezo wa mfanyakazi au mahitaji ya kiuendeshaji, na afuate utaratibu. Ukiachishwa, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na siku hizo zinakimbia. Tahadhari kwa wenye mikataba ya mwaka mmoja mmoja: anaweza kuacha tu uishe bila kuuhuisha, kwa hiyo wewe omba wakati wa kuhuisha, mkataba mpya ukiwa bado haujasainiwa.

Amekubali, mwezi umeisha, slipu ni ileile. Usianze na bosi. Nenda kwa mhasibu na ule ujumbe wako wa shukrani, umuulize kama maelekezo yamemfikia kabla ya orodha ya malipo kufungwa. Mara nyingi hayajafika. Mwandikie bosi: "Mkurugenzi, mhasibu anasubiri maelekezo yako ya maandishi kuhusu lile tulilozungumza. Orodha ya mwezi huu inafungwa tarehe 20. Naomba pia tofauti ya mwezi uliopita iingizwe humo."

Ukipata slipu mpya, ikague mstari kwa mstari pale pale kwa mhasibu: msingi, NSSF, PAYE, Bodi.